Je, wajua mafuta hayagandi tu ndani ya mshipa wa damu?

Ukikaa Kikopey pale Gilgil mbele ya sinia ya choma, hukosi mtu wa kusema hayo mafuta yanaenda kuganda kwa mishipa mpaka njia izibe. Wengi wanaamini hivyo na sivyo. Ni kweli mafuta ya nyama hupandisha kolesteroli ya LDL, ile huitwa mbaya, na bila LDL ugonjwa huu wa mishipa kuziba hauendi mbali, lakini ingekuwa ni kuganda tu basi hata vena, mishipa inayorudisha damu kwa moyo, zingeziba, juu damu ni ile ile na kolesteroli ni ile ile, na kwa kawaida vena haziugui hivi. Tena cha ajabu, daktari akitoa vena mguuni akaishona kwa moyo ifanye kazi ya ateri, mshipa unaotoa damu kwa moyo, hiyo vena nayo inaanza kuugua! Damu haijabadilika, kilichobadilika ni presha na vile inapita.

Shida iko kwa ukuta. Ndani ya mshipa kuna safu moja tu ya seli, na utando wa kila seli umejaa protini. Ziko zinazohisi mwendo wa damu, kama Piezo1. Mshipa ukinyooka seli zinatulia, lakini pale unagawanyika, kama ule wa shingoni, damu inazungukazunguka, seli zinachokozeka, LDL inapenya na kukwama chini yake.

Hapo sasa seli zinatoa protini za kunasa. Waza makanga wa steji ya Kisumu, na seli nyeupe za damu ndio abiria wanaopita na haraka zao. Selektini ni yule anakushika shati, unapunguza mwendo, unajivuta kidogo, halafu VCAM-1, protini nyingine ya kunasa, anakukamata mkono kabisa na kabla useme huendi ushasukumwa ndani. Huko ndani ya ukuta seli nyeupe inakula LDL mpaka inavimba, na uvimbe unajengeka hapo ukutani, ndio unabana njia.

VCAM-1 ilionekana kwa mishipa ya sungura waliolishwa kolesteroli, watafiti Cybulsky na Gimbrone wakaandika 1991, na mengi ya haya yamepimwa kwa wanyama. Kwa binadamu, utafiti wa CANTOS wa 2017, watu zaidi ya 10,000, ulitumia dawa ya kutuliza uchochezi, yaani huko kuchokozeka kwa seli na kuita seli nyeupe, bila kugusa LDL na mashambulizi ya moyo yakapungua, ila maambukizi ya kuua yakaongezeka, juu uchochezi huo huo ndio mwili hutumia kupigana na viini.