Kiduha Hakijatumwa na Jirani

Pita Nzega au Igunga, mkoani Tabora, mwezi wa pili. Mvua imenyesha, udongo umelowa, lakini kuna shamba la mahindi limejikunja majani kama lina kiu. Chini ya mashina kumejaa vimaua, vyekundu kwingine, vya zambarau kwingine, vizuri kiasi kwamba mtoto atavichuma akachezee. Hicho ndicho kiduha, gugu linalonyonya mazao, na habari zake zinazozunguka vijiweni nyingi ni za kubahatisha.

"Shamba limelogwa."

Simcheki anayesema hivyo. Mahindi yanadumaa kabla hakijaonekana chochote juu ya ardhi, na shamba la jirani, ng'ambo ya njia tu, linastawi. Hata Waingereza, pamoja na maabara zao zote, wanakiita gugu la mchawi.

Uchawi wenyewe uko chini. Mbegu ya kiduha ni kama vumbi, urefu wake karibu theluthi moja ya milimita, na akiba ya chakula iliyomo ndani haimfikishi mche mbali. Kwa hiyo haioti ovyo. Inalowa mvua za mwanzo, inatulia, inasubiri kemikali inayotoka kwenye mzizi wa mahindi, mtama au uwele ulio karibu. Ikiipata, inachipua, inagusa mzizi na kuota kiungo cha kunyonyea, haustoria, kinachotoboa hadi kwenye mishipa inayopitisha maji. Baada ya hapo kiduha kinaishi gizani wiki kadhaa kikilishwa bure. Kikitokeza nje kinakuwa na majani ya kijani na kinajitengenezea chakula kidogo, lakini hakiachi kunyonya. Vitundu vya majani yake hubaki wazi hata mahindi yanapokuwa yamefunga ya kwake kubana maji, hivyo maji yanazidi kuvutwa upande wake. Ndiyo maana mahindi yanaona kiu kwenye udongo uliolowa.

"Kiduha kinamaliza rutuba."

Hapa mambo yamegeuzwa kichwa chini miguu juu. Udongo uliochoka ndio unaokiita.

Kemikali ile ni ya kundi la strigolaktoni, na mahindi hayaitoi kwa ujinga. Mmea ukikosa fosforasi, ile iliyomo kwenye mbolea ya kupandia, mizizi huimwaga kemikali hiyo kwa wingi ili kuita kuvu rafiki wanaousaidia kuitafuta fosforasi udongoni. Ni mwito wa mwenye njaa. Kiduha kikautegea sikio, kikafika na chenyewe. Shamba lililolimwa mahindi juu ya mahindi miaka kumi bila samadi linapiga yowe kila msimu. Samadi na mbolea hupunguza yowe hilo. Ila samadi iache ioze sawasawa, kwa sababu mbegu za kiduha zinaweza kupita tumboni mwa ng'ombe zikatoka salama.

Kinachonifurahisha mimi ni kwamba kemikali ya kwanza ya kundi hili ilipatikana mwaka 1966 kwenye mizizi ya pamba, zao ambalo kiduha hakiliwezi. Pamba inakiamsha, kinachipua, kinakosa pa kushika, kinakufa. Wamarekani walitumia ujanja wa aina hiyohiyo. Kiduha kilipogunduliwa kwao mwaka 1956, katika majimbo ya North Carolina na South Carolina, walikuja kuingiza ardhini gesi ya ethilini, ileile inayoivisha ndizi, mbegu zikaota bila mmea wa kunyonya, zikafa. Sisi hatuna mitambo ya gesi, lakini Igunga pamba ipo.

"Nimeng'oa vyote, nimemaliza kazi."

Mzee mmoja pale Nzega, baada ya shikamoo, alinionyesha lundo alilong'oa, limekaa kwenye mpaka wa shamba, maua yakiwa bado mekundu. "Mwanangu, kila mwaka natoa, kila mwaka kinarudi." Nilimwambia, "Babu, hapo ndipo kinapojipandia." Kiduha kilichokwisha kutoa maua kinaweza kukomaza mbegu hata kikiwa kimelala chini. Mche mmoja hutoa mbegu makumi elfu, na zinaweza kudumu udongoni zaidi ya miaka kumi. Kwa mavuno ya msimu huu, ukiona ua umeshachelewa. Unachookoa ni misimu ijayo. Kwa hiyo ng'oa kabla hakijachanua, na kilichochanua kichome.

"Ukipanda kunde, kitahamia kwenye kunde."

Hapana. Kiduha cha mahindi ni cha jamii ya nyasi: mahindi, mtama, uwele, ulezi, mpunga wa nchi kavu. Mpunga wa majarubani unasalimika kwa sababu maji yaliyotuama hayakifai. Kunde na njugu mawe zina mnyonyaji wao mwingine, mwenye maua ya manjano. Watu huwachanganya.

Na kwa kuwa tumefika kwenye kuchanganya: si kila kilichoota juu ya mti kinaunyonya. Kirukia unachokikuta juu ya mpera au mti wa miombo kinanyonya kweli. Ndege anakula tunda lake, mbegu inanata tawini, inatoboa. Okidi yeye amekaa tu, anakunywa mvua. Usimkatie panga.

"Mtama nao unashambuliwa, bora mahindi."

Unashambuliwa, ila umeishi na kiduha Afrika maelfu ya miaka na umejifunza kukivumilia. Mahindi yalitoka Amerika juzijuzi tu, karne chache zilizopita, yakakikuta mwenyeji. Mwaka 2002 zilitolewa hapa Tanzania mbegu za mtama za Hakika na Wahi, ambazo mizizi yake inatoa mwito hafifu, kiduha kinabaki kimelala. Nilimweleza yule mzee. Akasikiliza hadi mwisho, akaniuliza ugali wake unakuwa mweupe au mwekundu.