Mkono huo si wa bibi

Wiki hii nimeandikiwa tena: "Mikono haidanganyi. Tazama dhiki aliyoipitia bibi huyu." Picha ni yangu, niliipiga Paje, pwani ya mashariki ya Unguja. Mikono miwili imeshika fungu la mwani, vidole vimejaa makunyanzi. Mwenye mikono hiyo ana miaka 24 na hajaolewa. Nilipomsomea maoni hayo kwenye simu alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Kaka, kwani hukuwaambia nilikuwa majini?"

Sikuwaambia. Niliandika "Mkulima wa mwani, Paje" nikadhani nimemaliza.

Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Zanzibar mwishoni mwa miaka ya 1980, na wengi wanaokifanya ni wanawake. Wakati wa bamvua, maji yakikupwa mbali, wanashuka kufunga mbegu kwenye kamba zilizotandazwa kati ya vigingi, na mikono haitoki majini mpaka bahari ianze kujaa. Mkono wa mtu yeyote utajikunja hapo, hata wa mtoto wa miaka 10. Tena si kwamba ngozi imekunywa maji, kama tunavyoambiana. Neva huamuru mishipa midogo ya damu kwenye vidole ibane, nyama ya ndani inanywea, na ngozi ya juu inabaki imelegea. Kidole kilichokatika neva hukaa majini bila kupata kunyanzi. Hilo limejulikana tangu miaka ya 1930, na madaktari hulitumia kupima neva. Binti huyu akikaa ufukweni nusu saa hivi, mikono inarudi kuwa ya miaka 24. Mimi nilibonyeza kamera kabla ya hiyo nusu saa.

Halafu nikaongeza yangu. Jua lilikuwa limelala, linapiga kutoka ubavuni, kila kunyanzi likapata kivuli chake. Lenzi ilikuwa makro ya milimita 100, ile ya kupigia vitu kwa karibu sana. Nilipofika nyumbani nikaondoa rangi zote, na hapo ndipo ninapojilaumu zaidi, kwa sababu kucha zake zilikuwa na hina. Picha nyeusi na nyeupe iliigeuza hina kuwa kivuli tu, kama uchafu. Wekundu wa mikwaruzo ya kamba nao ukapotea. Kwa hiyo anayeniambia mkono haudanganyi anausifu mwanga wa jua lililolala, na uamuzi nilioufanya mezani kwangu.

Mkono unasema mambo fulani, sikatai. Fundi cherehani ana sugu pale mkasi unapokaa. Mvuvi wa mshipi ana mistari kwenye kidole cha shahada. Hiyo ni kazi, na kazi unaweza kuisoma ukiijua. Lakini huzuni, umaskini, "maisha magumu", wema wa moyo? Hayo anayeleta ni mtazamaji.

Kuhusu mwanga, haraka: kiganja chetu ni cheupe kuliko mgongo wa mkono, basi pima mwanga kwenye kiganja kisiungue, yaani kisitoke cheupe tupu; mgongo utauangaza baadaye ukihariri. Na ruhusa inaombwa hata kama uso hauonekani. Kijijini watu wanajuana kwa pete na kovu.

Picha ya mikono ninayoirudia kuliko zote ni ya mpiga picha Mwingereza Mike Wells, Karamoja, Uganda, Aprili 1980: mkono wa mtoto mwenye njaa, mwembamba kama kijiti, umelala kwenye kiganja cha mmisionari. Ilishinda tuzo kuu ya World Press Photo, shindano la kimataifa la picha za habari, na Wells mwenyewe hakupenda kushinda kwa picha ya watu wanaokufa kwa njaa. Ondoa maneno "Karamoja, 1980" uone kinachobaki: mkono mweusi mdogo na mkono mweupe mkubwa, kila mtu aweke hadithi aitakayo.

Nilirudi Paje. Nikampiga picha tena, safari hii mikono ikiwa imekauka, rangi zote zipo, mwanga nikiulainisha kwa kitambaa cheupe. Ni picha ya kweli. Pia ni dhaifu, na nimeitazama mara nyingi nikitafuta namna ya kusema vinginevyo. Najua ile ya kwanza ndiyo iliyowasimamisha watu, na makunyanzi yalikuwepo kweli, sikuyachora. Bado sijui kama niiondoe au niiache.

Nilimchapishia picha zote mbili. Akaziweka kwenye mkeka, akazitazama, akachukua ile ya makunyanzi. Nikashangaa. Akasema hiyo ndiyo ya kazini, hiyo nyingine angeweza kuwa mtu yeyote. Ila akataka nirudishe rangi, na maneno ya chini ayaandike yeye. Nimerudisha rangi, na sasa chini ya picha pameandikwa hivi:

"Mikono yangu, nimetoka kufunga mbegu. Hina ni ya harusi ya mdogo wangu."