Asidi Iliyozimuliwa Haijafa Makali

Nimeulizwa kwa mara nyingine, safari hii na mwenye ghala la Chang'ombe, kama fundi wa kuchomelea anaweza kuanza kazi juu ya tangi la chuma lililokuwa na asidi ya salfa, kwa kuwa tangi "limeshasuuzwa na makali yameisha". Jibu ni hapana. Imani kwamba maji huua makali ya asidi ndiyo hatari kubwa kuliko zote ninazokutana nazo katika biashara hii jijini Dar es Salaam, na inaniudhi kwa sababu anayeishikilia hujiona mwangalifu.

Asidi ya salfa ya asilimia 98 husafirishwa na kuhifadhiwa katika chuma cha kawaida bila shida kubwa. Inapokigusa chuma, huunda utando wa salfeti ya chuma, na kwa kuwa utando huo hauyeyuki kwa urahisi ndani ya asidi nzito, hukaa pale pale ukiukinga ukuta wa tangi. Utando wenyewe ni laini, ndiyo maana hatuisukumi asidi kwa kasi katika mabomba ya chuma. Ukitia maji, utando huyeyuka, asidi huanza kukila chuma kwa nguvu, na gesi ya haidrojeni hutoka. Gesi hiyo haina rangi wala harufu, na hushika moto ikiwa kati ya asilimia 4 na 75 ya hewa. Ni nyepesi, kwa hiyo hujikusanya chini ya paa la tangi, na juu ya paa hilo hasa ndipo anapokuja kupiga magoti fundi mwenye moto mkononi.

Kusuuza nusunusu, basi, ni kuitengeneza hatari ambayo haikuwapo. Tangi humwagwa kwanza hadi tone la mwisho linaloweza kutoka, kisha huoshwa kwa maji mengi mfululizo, si ndoo mbili tatu, maana maji kidogo juu ya asidi nzito huchemka papo hapo na kuirusha usoni. Baadaye huoshwa kwa maji ya magadi hadi asidi yote iishe, huku matundu ya juu yakiwa wazi.

Hata hapo nina shaka ambayo miongozo huipitia haraka. Chini ya tangi la zamani hubaki tope zito la salfeti, limeganda kwenye pembe na nyuma ya vishikizo vya mabomba; ukilichokoa kwa koleo, utaona mapovu madogo yakipanda, kwa kuwa ndani yake asidi ingali hai. Kipima gesi kikisoma sifuri mlangoni asubuhi hakinihakikishii chochote kuhusu saa nane mchana. Mimi hutaka tope litolewe lote na kipimo kirudiwe, juu na pembeni, kabla ya moto kuwashwa na kila baada ya mapumziko.

Asidi ya betri, ambayo ni asidi ya salfa iliyozimuliwa kwa maji, nayo hudharauliwa kwa sababu hiyo hiyo. Tone lake likianguka kwenye suruali ya pamba, maji hukauka na asidi hubaki, kwa kuwa yenyewe hairuki hewani, hivyo kitambaa hutoboka baadaye. Likigusa ngozi, osha mara moja kwa maji mengi yanayotiririka, vua nguo iliyolowa, wala usitafute maziwa.

Asidi ya haidrokloriki haiingizwi katika chuma kitupu kwa kiwango chochote. Ni plastiki au tangi lenye mpira ndani.

Sheria ya Usimamizi na Udhibiti wa Kemikali za Viwandani na Majumbani ya mwaka 2003 inamtaka anayeshughulika na kemikali hizi asajiliwe kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, na ni vyema. Cheti cha usajili, hata hivyo, hakioni ndani ya tangi. Kwa hiyo fundi akiitwa, aombe kuonyeshwa kipimo cha gesi cha saa ile ile, na tope lililotolewa likiwa nje, mbele ya macho yake. Akikosa kimojawapo, asiwashe moto.