Kumrudisha nyumbani daktari aliyesomea nje: kazi inaanza mwaka wa tatu

Kila mwaka vijana wa Kitanzania wanamaliza udaktari China, Urusi, India, Cuba na kwingineko. Tukitaka warudi, mara nyingi tunasubiri siku ya mahafali ndipo tuwahutubie kuhusu uzalendo. Tumechelewa. Aliye mwaka wa mwisho ameshauliza mitihani ya leseni ya nchi nyingine inagharimu kiasi gani, au ameshapata nafasi ya kubaki huko kusomea ubingwa. Kwa maoni yangu moyo wa kurudi unajengwa kati ya mwaka wa tatu na wa tano, kisha unavunjika katika ile miezi iliyopo kati ya cheti na mshahara wa kwanza.

Nianze na kujenga. Urusi na nchi nyingine zilizorithi mfumo wa Kisovieti zinafundisha udaktari kwa miaka 6, na wakati wa kiangazi mwanafunzi hufanya mazoezi hospitalini; wenyewe huyaita praktika. Vyuo vingi humruhusu mgeni kuyafanyia nchini kwake, mradi arudi na shajara iliyosainiwa na kugongwa muhuri. Fursa hii hatuitumii vya kutosha. Kijana anarudi likizo, anapata muhuri kwa kujuana, anashinda nyumbani.

Iandaliwe hivi. Miezi 3 kabla ya likizo mwanafunzi amwandikie Mganga Mfawidhi wa hospitali ya rufaa ya mkoa, akiambatanisha barua ya chuo inayotaja tarehe na ujuzi anaotakiwa kujifunza. Nasema ya mkoa kwa makusudi. Kwenye hospitali ya taifa atasimama nyuma ya wanafunzi wengine akichungulia kitanda. Mkoani ataishika kazi mwenyewe. Awe amekamilisha chanjo ya homa ya ini B, ambayo ni dozi 3: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi 1, ya tatu mwezi wa 6. Anayekumbuka chanjo mwezi mmoja kabla ya safari hawezi kuimaliza. Hospitali nayo imteulie daktari mmoja wa kumsimamia, kwa jina, kwa sababu mgeni wa wote huwa hana mwenyeji. Akae wodi ya watoto na wodi ya wazazi: ajaze patografu, yaani chati ya kufuatilia uchungu wa uzazi, aone mtoto wa selimundu aliyeishiwa damu, atambue mapema uchungu pingamizi, yaani mtoto anapokwama njiani.

Hapo ndipo pengo la masomo ya nje linapozibwa. Chuo cha China kinaweza kumfundisha mgeni kwa Kiingereza tangu mwaka wa kwanza, lakini mgonjwa wodini anaongea Kichina. Asiyekimudu anabaki mtazamaji miaka yote ya kliniki, na mtazamaji huogopa kurudi mahali ambapo atakabidhiwa zamu ya usiku peke yake. Hofu hiyo hawaisemi hadharani, lakini naamini inawazuia wengi kuliko mshahara.

Afrika Kusini waliliona hili. Mpango wao na Cuba, uliobeba majina ya Nelson Mandela na Fidel Castro, ulianza miaka ya 1990, na ndani yake wanafunzi husoma Cuba kisha hurejea kumalizia mafunzo ya kliniki katika vyuo vya udaktari vya nyumbani. Mwanafunzi anarudi kabla hajawa daktari kamili. Anapofuzu, tayari anawafahamu walimu, wagonjwa na dawa za kwao.

Sasa makaratasi, ambako kuna maumivu mengi yanayoepukika. Tanzania, shahada ya nje hutambuliwa kwanza na Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Kisha mhitimu huenda Baraza la Madaktari Tanganyika, MCT. (Zanzibar ina baraza lake.) Kinachokwamisha sana ni jina. Mtu aitwaye Juma Hassan huandikwa kwa herufi za Kirusi, na jina likirudishwa kwa herufi zetu cheti kinaweza kusomeka Dzhuma Khassan, wakati cheti cha kidato cha nne na pasipoti vinasema vingine. Atatakiwa kula kiapo kwamba wote ni mtu mmoja, au aombe chuo kichapishe upya akiwa tayari Tanzania. Dawa yake ni rahisi: mwaka mmoja kabla ya kuhitimu apeleke ofisi ya wanafunzi nakala ya pasipoti na aombe kuona jina litakavyochapwa. Aondoke na nakala ya matokeo yenye saa za kila somo, tafsiri rasmi ya Kiingereza, na muhuri wa ubalozi wetu. Chuo kikishafunga likizo ya Agosti, barua ya TCU inayotaka uthibitisho hukaa bila majibu.

Kisha kuna mtihani. Waliosomea nje hupimwa kabla ya kuanza utarajali, yaani mazoezi ya kazi hospitalini baada ya shahada, wa miezi 12. Kenya pia Baraza la Madaktari, KMPDC, lina mtihani wake. Wanaoanguka si lazima wawe wajinga. Wamesoma vitabu vizuri lakini hawajasoma Mwongozo wa Taifa wa Matibabu. Chukua mtoto wa kilo 12 mwenye malaria kali. Aliyesomea hapa anajua bila kufikiri kwamba chini ya kilo 20 artesunate ni miligramu 3 kwa kila kilo, yaani miligramu 36, kwa sindano saa 0, saa 12 na saa 24. Aliyesomea nchi isiyo na malaria ameisoma ukurasa mmoja, miaka mitatu iliyopita. Kwa hiyo tuwatumie mwongozo huo wakiwa bado chuoni, pamoja na kikundi cha kujisomea mtandaoni kinachoongozwa na mtarajali aliyefaulu mwaka uliotangulia. Gharama yake ni vifurushi vya intaneti tu.

Fedha nayo tuiseme wazi. Kenya, mgomo wa madaktari ulioanza Machi 2024 ulidumu siku 56, na kiini kimojawapo kilikuwa malipo ya watarajali: makubaliano ya 2017 yaliwapa takriban shilingi za Kenya 206,000 kwa mwezi, serikali ikataka kulipa 70,000. Mwanafunzi aliye ng'ambo husoma habari hizo jioni hiyohiyo. Kwetu, wapo madaktari wenye leseni wanaongoja kibali cha ajira ilhali wilaya zinalia uhaba. Mzazi aliyeuza shamba kulipa ada anayaona hayo yote. Kumwita mtoto wake bila kumwambia ukweli wa ajira ni kumdanganya, na yeye atawaonya wenzake kumi.

Ndiyo maana mikataba ya kumlazimisha mfadhiliwa arudi hainishawishi ikiwa inafunga upande mmoja. Aliye nje ya nchi ni vigumu kumshtaki, na mdhamini wake huwa ni mama yake mzazi. Mkataba wenye nguvu unaahidi pande zote: daktari atatumikia miaka kadhaa, mwajiri atamwajiri ndani ya miezi kadhaa tangu asajiliwe, na mwajiri akishindwa, deni linafutika.

Kwa mabingwa kinachovuta zaidi ni chombo cha kazi. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete ilipoanza mwaka 2015, na Muhimbili ilipopandikiza figo mwaka 2017, bingwa wa fani hizo alipata mahali pazuri zaidi pa kutumia mikono yake bila kusindikiza wagonjwa India. Mpasuaji anayekaa mwaka bila meza ya upasuaji anapoteza ujuzi, na anajua kwamba anaupoteza. Basi barua ya kumwita isitaje wajibu kabla ya kutaja vitu hivi: kituo, idara, nani atakuwa kwenye timu yake, mashine gani zipo na zipi zimeharibika, siku ngapi za upasuaji kwa wiki, na tarehe ya mshahara wa kwanza. Mashine iliyoharibika isifichwe. Akiambiwa mapema anaweza kuja na fundi au kipuri. Akiikuta mwenyewe, miezi sita baadaye atakuwa ameshaomba kazi kwingine.