Vanem: mzazi wa Kiestonia hakutokana na kuzaa

Vanem ni mzazi, awe baba au mama. Wingi wake ni vanemad. Hiyo ndiyo maana ya kila siku nchini Estonia. Tabu huanza watu wanapoibandika "mzazi" kila wanapoliona neno hilo. Nimesoma tena kwamba Estonia iliwahi kuongozwa na "mzazi wa dola". Hapana jamani.

Neno letu "mzazi" limetoka kwenye kuzaa. Vanem haikupita huko. Shina lake ni vana, yaani -zee au -kuukuu: mtu mzee, au nyumba kuukuu. Katika kulinganisha, vana hugeuka vanem, yaani mwenye umri zaidi. Mu vend on minust vanem maana yake "kaka yangu ni mkubwa kwangu", na hapo hakuna aliyemzaa mwenzake. Wafini nao wazazi wao ni vanhemmat, Wajerumani Eltern, na yote yameanzia kwenye huo huo ukubwa wa umri.

Mkubwa wa umri ndiye aliyeshika uongozi. Lembitu, aliyeuawa mwaka 1217 akipigana na wavamizi wa Kijerumani na washirika wao, alikuwa vanem wa Sakala, eneo la kale kusini mwa Estonia, na hakuna anayedai aliwazaa watu wa Sakala. Maana hiyo ingali hai: halmashauri za vijijini zinaongozwa na vallavanem, na kila mkoa ulikuwa na maavanem hadi cheo hicho kilipofutwa mwishoni mwa 2017. Huyo "mzazi wa dola" ni riigivanem, cheo cha mkuu wa serikali alichokishika mwanasiasa Konstantin Päts zaidi ya mara moja katika miaka ya 1920 na 1930. Ni mzee wa dola, basi.

Waestonia wenyewe wakitaka kuondoa shaka husema lapsevanem, vanem wa mtoto. Mkutano wa wazazi shuleni ni lastevanemate koosolek. Lakini malipo ya serikali kwa mzazi anayelea mtoto mchanga, yaliyoanza 2004, huitwa vanemahüvitis tu, na kila mtu huelewa.

Sisi tusingepaswa kuhangaika. Kijana akisema "wazee wangu wako Tanga" tunajua ni baba na mama yake, na mzee wa mtaa hatumdhanii kuwa kauzaa mtaa. Kwa hiyo vanem ikifuata jina la eneo au la dola, andika mzee au mkuu. Na vanemad inimesed ni watu wenye umri mkubwa, hata kama hawana mtoto.