Mdahalo wa mji na kijiji haufundishi kulinganisha kwa Kiingereza

Kila aliyesoma sekondari Tanzania au Kenya anaijua mada hii: "Town life is better than village life." Upande mmoja husema mjini kuna umeme, hospitali na lami. Upande wa pili hujibu kwamba kijijini kuna hewa safi na chakula cha shambani. Sikiliza sentensi zenyewe: nyingi ni za "there is" na "there are". Neno la kulinganisha ni moja tu, "better", nalo limeshaandikwa kwenye mada. Mwanafunzi hana haja ya kuunda jingine.

Kwa hiyo nawashauri walimu wenzangu watumie mada inayodai uamuzi: mtu mmoja, shida moja, njia tatu. Mfano: mama mwenye mtoto mchanga, begi kubwa na ndoo ya dagaa anatoka Dar es Salaam kwenda Dodoma, na lazima awe amefika kabla ya saa kumi jioni. Apande basi, treni ya SGR iliyoanza kubeba abiria kwenye njia hiyo mwaka 2024, au aombe lifti ya lori? Njia ziwe tatu kwa makusudi. Zikiwa mbili utapata "cheaper" peke yake. Ya tatu ndiyo inayoleta "the cheapest".

Siku moja kabla, watume wanafunzi wakaulize nauli, muda wa safari na masharti ya mzigo. Darasani, kila kundi la watu watatu lijaze jedwali kwa dakika tano, kimya. Bila namba, mjadala hurudi kwenye maoni matupu. Kisha andika ubaoni vivumishi sita tu: "cheap", "fast", "safe", "comfortable", "reliable" na "good". Vitatu ni vya silabi moja na huongezwa "-er" (au "-r" pale "e" ilipokwisha kuwapo), viwili ni virefu na hutaka "more", kimoja hakifuati kanuni. Vile vinavyokubali njia zote mbili, kama "quiet" na "clever", viache kwa sasa.

Sasa makosa, na hapa ndipo mwalimu anayejua Kiswahili ana nguvu kubwa. Kivumishi chetu hakibadiliki tunapolinganisha. Kazi yote hufanywa na "kuliko". Ndiyo maana mwanafunzi husema "The bus is cheap than the train." Kwake "than" imeshamaliza kazi. Tena sisi huuliza "Kati ya Juma na Asha, nani mrefu?" bila hata "kuliko", naye huuliza "Who is tall?" Akijifunza kwamba "more" ni "zaidi", "nafuu zaidi" inakuwa "more cheap", na "bora zaidi" inazaa "more better". "Nafuu sana kuliko" inazaa "very cheaper", wakati Kiingereza kinataka "much cheaper". "Sawa na" huleta "the same with" badala ya "the same as".

Kosa linalojificha kuliko yote ni "cheaper than all", kutoka "nafuu kuliko zote". Linaeleweka, kwa hiyo walimu wengi huliacha lipite, na mwanafunzi anaweza kumaliza kidato cha nne bila kuzoea "the cheapest". Lidai kila mara, pamoja na ile "the" yake. Si urembo, mtihani na mwajiri vyote vitaitaka.

Wakati makundi yanajadiliana kwa dakika kumi na tano, usimkatize mtu. Tembea na karatasi, andika sentensi kama zilivyosemwa. Ukimsahihisha katikati, atakimbilia sentensi fupi asizoweza kukosea, na hapo umepoteza ulichokuja kufundisha. Wakimaliza, andika ubaoni sentensi tano bila majina, mbili sahihi na tatu zenye makosa, wazitenganishe wenyewe. Baadaye warudie kwa sauti, pamoja. Zingatia "than": isitiwe mkazo, iwe nyepesi na fupi, uzito ubaki kwenye kivumishi.

Kila kundi litoe uamuzi na sababu mbili, kila sababu ikiwa na ulinganisho kamili. Msikubali "because it is fast". Muulize kwa upole, "Faster than what?"

Kipindi kinachofuata, badilisha msafiri tu: awe mwanafunzi wa chuo mwenye begi moja na fedha kidogo. Jedwali ni lile lile, uamuzi huenda ukawa mwingine, nawe unapata nafasi ya kuongeza "a bit", "much" na "not as comfortable as". Hapo angalia "as" ya kwanza. "Kama" yetu ni moja, kwa hiyo wengi watasema "not comfortable as".