Je, Wajua Kwa Nini Besi Hupotea Wimbo Ukichezwa Kwenye Simu?

Prodyuza amemaliza biti usiku, hedifoni masikioni, besi inamtikisa mpaka kwenye taya. Anaituma kwa msanii. Msanii anaisikiliza papo hapo kwa spika ya simu, kisha anajibu: "Kaka, biti kali, ila besi mbona haipo?" Wote wawili wanasema kweli. Wala tatizo si kutumwa kwa mtandao: hata faili ileile ikipelekwa kwa flashi, jibu litakuwa hilohilo.

Sauti ya chini hutaka hewa nyingi isukumwe. Noti ya besi yenye hezi 55 hutetemesha hewa mara 55 kwa sekunde, na wimbi lake moja lina urefu wa zaidi ya mita 6. Sabufa yenye spika pana ina nguvu ya kulisukuma wimbi hilo. Spika ya simu, ambayo upana wake ni kama sentimita moja, haina. Simu nyingi huanza kudhoofika chini ya hezi 300 hivi, na zikifika hezi 55 ni kama zimenyamaza.

Basi mbona kuna nyimbo ambazo besi yake inasikika hata kwenye simu ya bei ya chini kabisa? Hapa ndipo utamu wa jambo hili ulipo, na siri haimo ndani ya simu. Imo kichwani mwa msikilizaji.

Noti ya ala yoyote haiji peke yake. Gitaa la besi likipiga hezi 55, hutoa pia 110, 165, 220, 275 na kuendelea, juu ya noti mama, kila moja kwa nguvu yake. Hizo ndizo hamoniki. Sasa ondoa ile 55 kabisa, uziache hizo nyingine. Ungetarajia noti ipande juu, lakini haipandi. Ubongo unaona kwamba sauti zote zilizobaki zimepishana kwa 55, unaijaza wenyewe ile isiyokuwepo, na wewe unasikia noti ileile ya chini. Mjerumani August Seebeck aliandika kuhusu jambo hili mwaka 1841, baada ya kufanya majaribio kwa king'ora ambacho masafa yake ya msingi, yaani noti mama, yalikuwa hafifu mno. Wajenzi wa vinanda vya makanisani Ulaya nao walilitumia: badala ya kununua bomba la futi 32, walipuliza kwa pamoja bomba la futi 16 na la futi 10 na theluthi mbili, na waumini wakasikia noti ya lile bomba kubwa.

Wewe mwenyewe umeishi na jambo hili. Simu za mezani zilipitisha masafa ya kuanzia hezi 300 hadi 3,400 tu, ilhali sauti ya mwanamume mzima huwa na msingi wa kama hezi 100 au 120. Kwa miaka yote hiyo msingi wa sauti ya babu haukuwahi kupita kwenye waya, na hakuna aliyemdhania mtoto.

Sasa turudi kwenye biti. Besi inayopendwa na wengi ni ile ya 808, inayotokana na mashine ya ngoma ya TR-808 ambayo kampuni ya Roland ya Japani iliitoa mwaka 1980. Kiki yake, yaani pigo la ngoma kubwa, ni karibu wimbi safi, laini, linalofifia polepole. Wimbi safi halina hamoniki. Kwenye sabufa hutingisha madirisha, lakini kwenye simu ubongo hauna chochote cha kushika.

Ilinganishe na logi dramu, ile besi ya amapiano iliyotoka Afrika Kusini na kuenea mpaka ndani ya Bongo Fleva. Imetokana na Fruity DX10, ala iliyomo ndani ya FL Studio, programu ya kutengenezea muziki ya Ubelgiji iliyoanza mwaka 1997 kwa jina la FruityLoops. DX10 hufanya kazi kwa mbinu ambayo John Chowning aliigundua mwaka 1967 katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani: wimbi moja hutikisa masafa ya wimbi jingine kwa kasi, na papo hapo huzuka sauti mpya juu na chini yake. Ndiyo maana kila pigo la logi dramu huja na hamoniki tele pale mwanzoni. Unaisikia kwenye bajaji, unaisikia kwenye simu iliyo mfukoni. Kwa maoni yangu hiyo ni sababu kubwa ya sauti ile kusafiri haraka hivyo.

Anayependa 808 anaweza kuipa hamoniki mwenyewe, awe anatumia FL Studio, Ableton Live au Reaper. Nakili chaneli ya besi. Ile ya kwanza iache ilivyo. Kwenye nakala weka plagini (programu ndogo ya nyongeza) ya distosheni, kisha, baada ya distosheni, weka ekwalaiza, ile ya kupunguza au kuongeza masafa, na ukate kila kilicho chini ya hezi 150. Halafu ichanganye na ya kwanza kwa sauti ndogo. Distosheni hubana vilele vya wimbi, na kule kubanwa ndiko kunakozaa hamoniki. Vilele vya juu na vya chini vikibanwa sawasawa, utapata 165, 275, 385, yaani mara tatu, mara tano, mara saba. Vikibanwa kwa kupendelea upande mmoja, utapata pia 110 na 220.

Mpangilio huo una maana. Ukiikata 55 kabla ya distosheni, umeiondoa mbegu yenyewe. Plagini itabaki kubana kitu ambacho karibu hakipo. Angalia pia kwamba nakala haipingani na ya kwanza: geuza polariti ya mojawapo, yaani vilele vyake vya juu viwe vya chini, na ubaki na upande ambao besi imejaa zaidi. Sehemu ya chini ya besi iwe mono, yaani sauti ileile kushoto na kulia. Spika nyingi ndogo huunganisha kushoto na kulia, na mawimbi yaliyopanuliwa kwa plagini za stirio yanaweza kufutana hapo.

Kuna adui mwingine, na huyu programu haimwoni: chumba. Prodyuza wengi hapa kwetu huanzia kwenye chumba cha kupanga cha futi kumi kwa kumi, yaani kama mita 3.05 kila upande. Urefu huo ni nusu ya wimbi la hezi 56 hivi, ileile noti ya besi. Kwa hiyo noti hiyo hugonga kuta na kurudi ikijirundika: karibu na ukuta inavimba, katikati ya chumba inakaribia kutoweka. Aliyeketi katikati huona besi haitoshi akaiongeza. Aliyebanana na ukuta huiona imezidi akaipunguza. Kompyuta mpya haitamsaidia. Hamisha kiti, sikiliza wimbo unaoujua vizuri ukiwa mahali tofauti, na uhakikishe kwa hedifoni.

Halafu punguza sauti. Mwaka 1933, Harvey Fletcher na Wilden Munson wa Bell Laboratories, maabara ya utafiti ya Marekani, walionyesha kwamba kadiri sauti inavyoshuka, sikio hupoteza besi haraka kuliko sauti za kati. Besi iliyopimwa kwa sauti ya kupasua ukuta haitamfikia anayesikiliza taratibu jikoni. Miksi, yaani mchanganyo wa wimbo, iliyofanywa kwa sauti ya mazungumzo ya kawaida ndiyo ninayoiamini.

Wanaotengeneza singeli, muziki wa kasi wa Tanzania, wana hesabu ya ziada. Kwa mwendo wa mapigo 200 kwa dakika, pigo moja lina sekunde 0.3 tu. Mkia wa 808 unaochukua sekunde nzima utafunika mapigo matatu yanayofuata, na ukiutia distosheni, hamoniki zake nazo zitarundikana mpaka simu ikoroge kila kitu. Hapo kata mkia kwanza, ndipo uongeze hamoniki.